Kibuyu Kilichosuguliwa na Sabuni

Mpaka leo nikiona muntu anasugua kibuyu cha maziwa na sabuni, roho inanichemka. Bwana aliyenioa njo alinianzishia hasira hiyo, kule kwetu Kirolirwe, wakati Wabeleji walitutawala.

Mama yangu alikuwa amekufa mwaka ule. Nilichorithi kwake ni kibuyu kimoja cha maziwa ya kuganda. Hakikuisha kamwe: unakunywa, unaacha kidogo chini, unamimina maziwa mapya juu yake, kesho yameganda. Hayo kidogo ya chini tuliyaita mbegu. Mama aliipata kwa mama yake. Kila nikionja, nilimusikia pembeni yangu.

Wifi yangu, dada ya bwana, alikuja kuomba mbegu. Nikakataa. Akangoja nimeenda shambani, akaiba kikombe kizima! Nilimutukana mbele ya kanisa, na hatukusalimiana tena.

Miezi ikapita. Basi, siku moja bwana akarudi kutoka misheni, kichwa kimejaa mafundisho ya usafi. "Humu iko mikrobi, vidudu vya ugonjwa," akasema, akachemsha maji, akasugua kibuyu na sabuni mpaka ndani. Niliporudi kutoka shambani nilimukuta anatabasamu, anangoja sifa.

"Ona, kinang'aa!"

Ee Mungu wangu! Nililia, nikamutupia ufagio. Yeye anashangaa: "Lakini ni maziwa tu." Maziwa tu!

Siku tatu nilimimina maziwa mapya. Bila mbegu yalivunda, yakatoa mapovu, hata mbwa aliyakataa.

Ulibaki mulango mumoja, wa wifi. Nilienda nikimulaani bwana njia nzima. Wifi alinitazama toka juu mpaka chini.

"Leo umekumbuka njia?"

Nilipomueleza, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanitilia kikombe. Nikaonja: makali, mepesi, hayana mafuta hata kidogo.

"Umeiharibu!" nikapiga kelele.

Bwana ya wifi alifanya kazi kwenye shamba la muzungu, ambako mashine ilitoa mafuta yote kwenye maziwa, na wafanyakazi wakapewa yale matupu yaliyobaki. Miezi yote ile mbegu ya mama yangu ilikuwa inalishwa hayo!

"Njo chakula niko nayo," akasema. "Yako uilishe unavyotaka."

Nikakifukiza kibuyu kwa moshi, nikatia mbegu ile, nikailisha maziwa mazito ya ng'ombe wetu, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza, makali. Siku ya tatu, bado, na bwana nikamukataza kukaribia. Lakini yalikuwa yanakuwa mazito. Siku ya sita nikaonja, nikakaa palepale jikoni. Mama alikuwa amerudi.

Nilijaza kikombe, nikakipeleka kwa wifi, yule mwizi. Nikakitia mikononi mwake.

"Ficha hii vizuri," nikamwambia. "Kaka yako iko na sabuni bado."