Jani la Isale kwa Mtoto wa Miaka Sita

Miaka ya tisini nilikuwa natoa watoto damu katika maabara ya hospitali moja pale Moshi, na nilikuwa mwongo. Sote tulikuwa waongo. Dawa ya ganzi hatukuwa nayo, kwa hiyo tulimwambia mtoto haiumi, huku watu wawili wamemkandamiza na mama yake ametolewa nje, eti anamdekeza.

Siku moja bibi mmoja wa Tarakea alimleta mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka sita ambaye damu ilimpungukia mara kwa mara. Nikamwambia haiumi, kisha nikakosa mshipa mara mbili. Waliporudi, mtoto akajificha chini ya benchi. Nilipomvuta akaning'ata. Nikamwamkia bibi shikamoo, hakuitikia.

"Umemdanganya mtoto," alisema. "Kachume isale, uje umwombe msamaha."

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Mimi ni Mchaga. Isale tunalipanda mipakani mwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, na kwa jani lake tunaomba radhi. Ukiletewa hukatai, hata kama anayeomba alikuchomea nyumba. Lakini kumpelekea mtoto? Nikachuma uani, nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili. Nikamwambia kweli: itauma kidogo, kisha itaisha. Akakaa mapajani kwa bibi yake, akawa analipuliza jani litikisike, nami nikatoa damu. Hakulia. Tangu siku hiyo tulifanya hivyohivyo, wala sikumwita tena mtu wa kumshika. Nilijiona fundi.

Mara ya mwisho aliletwa mgongoni, viganja vimekuwa vyeupe. Bila kupima damu yake tusingeweza kumwongezea nyingine. Nikachoma mkono wa kulia, nikakosa. Wa kushoto, nikakosa. Pumzi ya kupuliza hakuwa nayo. Akaninyooshea jani lake, kwa mikono miwili, kama nilivyompa mimi.

"Basi," akasema.

Nilimwelewa. Bibi naye alielewa, akageukia ukuta. Nikalipokea lile jani, nikaliweka mezani, nikamchoma tena.

Damu ilipatikana. Hakulia, lakini hakunitazama tena. Alikufa kabla chupa aliyotundikiwa haijafika nusu.

Nilikwenda mazikoni Tarakea na jani la isale mfukoni. Nilimwamkia bibi, akaitikia marahaba vizuri tu, akanionyesha pa kukaa. Jani sikulitoa. Wa kupewa alikuwa ameshafukiwa migombani.