Mwimbaji wa Nyuma ya Pazia

Siku moja, mwanangu, nilipotea Ras Al Khor, huku nchi za Waarabu, kutwa nzima nikiwa nimekumbatia kioo cha lori. Siku hiyo haihusiani na haya ninayotaka kukwambia, au inahusiana kidogo tu, lakini kila nikitaka kuanza habari za Sudi hujikuta nimeanza na kioo. Nivumilie. Shule niliiacha darasa la nne, sikuwahi kufundishwa kuyapanga maneno yakakaa mstari.

Nilikuwa sijatimiza miaka ishirini, miezi miwili tu tangu nitoke Unguja. Arbab wangu, yaani tajiri wangu, alikuwa na duka la vipuri, akanituma duka la mwenzake nikamletee kioo cha pembeni cha lori, cha upande wa kulia. Kwenda nilifika. Kurudi ndiyo ilikuwa kazi. Maduka yale yote sura moja: mlango wa chuma, matairi nje, mtu kakaa juu ya boksi anakunywa chai. Nikazunguka mpaka adhuhuri ikapita, koo limekauka, na kile kioo kinanirudishia jua usoni. Mwisho nikakaa juu ya tairi nikalia. Ndiyo, nililia. Cheka ukimaliza tuendelee.

Pikapu ikasimama. Ndani alikuwamo mzee mmoja wa Mombasa, Mzee Athmani, simjui hanijui. Akatoa kichwa dirishani.

"We kijana ni mtu wa pwani."

Nikamuuliza kajuaje.

"Hata kulia walia kwa mahadhi. Panda, waniambia njiani kama umepotea au umefiwa."

Nikapanda. Miguu yangu ikagonga kitu chini ya kiti, kimefungwa kwa blanketi. "Polepole, huyo ni mke wangu," akasema. Ilikuwa ni udi, ile ala ya nyuzi ya taarab. Akanifikisha dukani, na arbab kukitazama tu kioo akanitukana kwa lugha tatu, maana nilileta cha kushoto. Khalas, basi tena, akasema, kakitupe jalalani. Sikukitupa. Jioni Mzee Athmani alinipitia, akanipeleka kwenye chumba kimoja nyuma ya ghala la matairi, walikokuwa wamekaa watu sita, Waunguja na watu wa Mombasa, wanapiga taarab. Nikalia mara ya pili siku ile ile. Kioo nikakitundika ukutani, na mpaka leo wanabendi huchania nywele humo.

Mzee Athmani ndiye aliyenifundisha fidla. Alikuwa mkali kwa jambo moja. Ukimaliza kupiga, legeza upinde kabla hujaufunga kwenye sanduku, kwa sababu nywele zake zikikaa zimekazwa siku zote, mti hupinda na haunyooki tena. Ukisahau, alikurudisha, hata kama umeshafika kituo cha basi. Alipokwenda mbele ya haki, bendi ikaniangukia mimi, na hilo la upinde nikalirithi pamoja na bendi.

Sasa nakuja kwa Sudi.

Wewe umezaliwa zama za spika na simu, huenda hujui tulivyokuwa tukipiga kwenye harusi za wenyewe, wenyeji wa huku wenye asili ya pwani yetu. Ukumbi wa wanawake ni wa wanawake. Wamevua mabaibui, wamejipamba, hapana mwanamume anayetia mguu. Sisi wapigaji tulikuwa tukiingizwa mapema kwa mlango wa jikoni, tukakaa nyuma ya pazia zito jekundu, na hatutoki mpaka bibi harusi aondoke. Mbele ya pazia anakaa mwimbaji peke yake. Mwimbaji wetu alikuwa Bi Rukia, mtu wa Unguja kama mimi, mwanamke mwenye ulimi mkali na mkono mzuri. Nasema mkono kwa sababu watu walikuwa wakija kuutazama. Alikuwa akiimba huku kashika leso, akiipeleka pembeni mwa jicho kana kwamba anafuta chozi, na ukumbi mzima hupiga vigelegele hata kabla hajamaliza ubeti.

Sudi alikuwa kijana wa Malindi, mpokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno pale Oud Metha. Mchana "yes madam, yes sir", Ijumaa yuko kwetu na fidla. Nilimfundisha mwenyewe. Mwepesi, mcheshi, adabu tele, na hakusahau kulegeza upinde hata siku moja.

Kulikuwa na harusi kubwa, na Bi Rukia akaamka na mafua, sauti haipo. Si kwamba imekwaruza, haipo kabisa. Tumeshakaa nyuma ya pazia, wageni wameshaingia, mimi jasho linanitoka. Bi Rukia akachungulia kwetu, akawa anapiga ishara za shingoni kama mtu anayejichinja.

Sudi akaniinamia. "Ami Seif, naomba hiyo maikrofoni."

"Ya nini?"

"We nipe tu. Mwambie Bi Rukia achezeshe midomo."

Basi nikampa. Wallahi, mwanangu, nimesikia waimbaji wengi. Ile sauti iliyomtoka yule kijana ilikuwa ya Bi Rukia, lakini Bi Rukia wa miaka thelathini nyuma. Mbele kule mwenyewe kashika maikrofoni iliyozimwa, anafungua mdomo na kufumba, leso inakwenda jichoni. Wanawake wakachanganyikiwa. "Rukia umerudi usichana!" walipiga kelele. Mmoja akamvisha kikuba cha asumini, mwingine akamwagia marashi. Sisi nyuma tukauma mashati tusicheke.

Na hapo ndipo nilipokosea, ingawa sikujua. Mafua yalipona lakini sauti ya Bi Rukia haikurudi vizuri, na mimi nikaona haina haja irudi. Tukaendelea vile vile miaka mitatu. Bi Rukia mbele na midomo yake, Sudi nyuma na sauti yake. Bendi ikawa inagombaniwa mpaka Sharjah. Pazia lilikuwa na kitundu kidogo, na Sudi alikuwa akiweka jicho pale huku anaimba, amtazame Bi Rukia ili sauti iende na mkono. Ukitazama kitundu miaka mitatu, unajifunza mengi. Siku za mazoezi alikuwa akisimama mbele ya kile kioo changu cha lori, kajitupia mtandio, anamwiga: leso, jicho, shingo, vile anavyokaa kwa upande. Tulikuwa tukicheka mpaka tunashika matumbo. Bi Rukia ndiye aliyekuwa akicheka zaidi. "Bega lako limelala, wee mtoto! Bega la mwanamke wa taarab halilali!" Akaanza kumfundisha hasa. Wanja akampaka yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa natazama na kucheka, na sikuona kwamba Sudi mwenyewe alikuwa hacheki tena. Alikuwa anajitazama kimya, kama mtu aliyetafuta njia kutwa nzima, kisha akaiona.

Ijumaa moja, baada ya Alasiri, sote tupo, akasema anaondoka. Amepata viza. Binamu yake yuko Berlin, na kuna ukumbi wa maonyesho kule ambako wanaume hupanda jukwaani wamevaa kike, gauni, nywele za bandia, wanja na lulu, wakaimba na kuchekesha, na watu wakakata tiketi kuja kuwaona. Aliwatumia vipande vyake vya video wakampenda. Hapa asingelithubutu, nchi ya watu ina sheria zake na alizijua. Anakwenda kule ambako ni kazi kama kazi nyingine.

Nikukirie jambo, mwanangu. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa dini wala heshima. Lilikuwa harusi ya wiki tatu mbele, na bendi ya Mzee Athmani kunifia mkononi. Lakini hayo sikuyasema. Mtu akiogopa hutafuta neno zito zaidi la kurusha.

"Nimekufundisha fidla uje ukavae gauni? Mwanamume mzima? Huna haya?"



"Ami," akasema, taratibu tu, "sauti mliyokuwa mkiwauzia watu ilikuwa ya nani?"

"Hiyo ilikuwa nyuma ya pazia! Nyuma ya pazia hakuna aliyekuona!"

"Hapo ndipo panaponiuma, Ami."

Nikasema na neno la tatu. Sikuandikii. Lilikuwa neno moja, wanaume hulitumia kwa wanaume wenzao kuwavua utu mbele za watu, na wewe unalijua. Alipoondoka, Bi Rukia alikaa muda mrefu anaikunja na kuikunjua leso yake. Kisha akaniambia:

"Seif, wewe ndiye uliyemfanya yule mtoto mwanamke, miaka mitatu, kila wiki. Ulikula harusi za watu kwa sauti yake. Leo anataka na uso wake uende na sauti yake, ndiyo umeanza kuona haya? Haya zako zilikuwa wapi?"

"Rukia, wewe huoni ni haramu?"

"Mie si shehe na wewe si shehe. Yeye ana Mola wake, atamjibu. Wewe jiandae kujibu la mdomo wako."

 

Harusi ya wiki tatu mbele ikafika. Tumekaa nyuma ya pazia, kiti cha Sudi kitupu. Bi Rukia akawasha maikrofoni, mimi nikadhani atajaribu kuimba. Akasema: "Wanangu, ile sauti mliyokuwa mkinimwagia marashi si yangu. Ni ya kijana wa Malindi, jina lake Sudi, alikuwa amekaa hapo nyuma."  Nikajua tumekwisha. Kisha bibi mmoja mtu mzima, shangazi yake bwana harusi, akapaza sauti kule mwisho: "Sasa mbona hamumleti? Mwacheni aimbe hapo hapo nyuma, sisi atatuona wapi!" Wakacheka wote, wakapiga vigelegele, wakaanza kuita, "Sudi! Sudi! Sudi!"

Na sisi hatukuwa na Sudi wa kuwapa. Ile ndiyo ilikuwa harusi yetu ya mwisho kubwa.

Juzi Bi Rukia kaja kwangu kanionyesha kwenye simu ya mjukuu wake. Sijui nani kampelekea. Jukwaa, taa, na mtu kavaa gauni la kijani mpaka chini, bega limesimama, kashika leso. Leso ikaenda jichoni, na ukumbi mzima wa Wazungu ukapiga makofi kabla ubeti haujaisha. Bi Rukia alicheka mpaka machozi. "Mwizi huyu! Kaniibia mpaka shingo!" Nikamwomba arudishe tena. Akarudisha. Nikamwomba tena. Nilikuwa natafuta kama nitamwona yule mpokea wagonjwa wa Oud Metha, na nikamwona, anapomaliza kuimba huteremsha kidevu kidogo, kama alivyokuwa akifanya kila akiweka fidla chini.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na najua ni ndogo kuliko safari niliyokupitisha. Utakuja kuwa kiongozi wa watu, kama si bendi basi duka, kama si duka basi nyumba. Watu watakuletea vipaji vyao. Usichukue kipaji cha mtu ukamficha mwenyewe. Kama kitu kwake kinakutia haya, kionee haya tangu siku ya kwanza, kabla hakijakufaa. Na kama umekubali kikufae, basi ubebe na aibu yake, kama ipo. Huwezi kula kwa mtu nyuma ya pazia kisha ukamtemea mate mbele yake. Na siku mtu atakapokwambia anaondoka, jiulize kwanza unaogopa nini, kabla hujafungua mdomo. Mimi sikukwambia umfuate Sudi wala usimfuate, mambo yako na Mola wako ni yako. Nimekwambia usiwe Seif wa siku ile.

Mungu akupe sikio la kumsikia mtu kabla hajainuka. Akufungie ulimi pale ambapo utamkata mtu. Akupe watu wema wa kukurudisha hata kama umeshafika kituo cha basi, na kama yupo uliyemwambia neno, akupe siku za kutosha za kumwomba radhi. Amina. Na Sudi huko aliko, Mungu amlinde, na baridi ile isimguse koo.

Lakini nimeruka. Sijakwambia alivyoondoka.

Nilipokwisha kusema lile neno, fidla ilikuwa bado iko mapajani mwake.  Akatoa kitambaa akaifuta vumbi, ubavu kwa ubavu, kama nilivyomfundisha. Akachukua upinde akaisokota parafujo yake polepole, akaulegeza, nywele zikalala. Akauweka kwenye sanduku, akafunga vibana viwili, akaliacha sanduku juu ya kiti changu, maana fidla ilikuwa yangu. Akapita mbele ya kile kioo bila ya kujitazama. "Kwaherini, jamaa," akasema, na kwa Bi Rukia akainama akambusu mkono.

Mlango wa chuma ulikuwa wazi. Nikamwona anapita katikati ya matairi, anasimama kuliacha basi la wafanyakazi wa kambi ya Muhaisnah lipite. Nikamsubiri ageuke. Nilikuwa nimeshaandaa hata cha kumwambia akigeuka, nimesimama mlangoni, mkono umeshika chuma. Basi likapita. Akavuka barabara, akaenda zake, wala hakurudi tena.