Msalaba wa Kuonwa na Ndege

Bafta mpya ina harufu yake, ya wanga na ya rafu za dukani, na hadi leo nikiisikia hugeuza uso. Wenzangu sokoni hudhani naringa. Si maringo, ni aibu, na leo nitawaambieni ilianzia wapi.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, kijijini kwetu karibu na Igowole, miaka ile ya hamsini kabla ya Uhuru. Watu wa ramani walikuja na Landrova kutoka Mbeya, wakapanda kilima cha nyuma ya nyumba yetu, wakatandika bafta nyeupe kwa umbo la msalaba mkubwa, wakaibana kwa vigingi na mawe. Walisema itapita ndege ya kupiga picha ya nchi nzima, juu mno, hata waliomo ndani wanavuta hewa ya mitungi. Kutoka huko nyumba zetu si kitu. Kitakachoonekana ni msalaba, na kwa huo watajua hapa ni wapi.

Mlinzi wa msalaba alikuwa jirani yetu, Mzee Mgaya, aliyerudi kutoka vita vya Burma na koti zito na tabia ya kuamka kabla ya jogoo. Kazi ile aliipenda. Alifagia majani, alifukuza mbuzi, na jioni alitusimulia sisi watoto habari za ndege kana kwamba ameiunda yeye. Lakini ndege haikuja. Ukungu wa Mufindi haumjali mtu, na kila kukicha ulikuwa umekaa kilimani.

Nami nilikuwa na shida yangu. Kipaimara kilikaribia, na wasichana wasio na gauni jeupe walipangwa nyuma. Baba alikuwa amefariki mwaka ule, mama hakuwa na uwezo wa kununua hata kitambaa cha kichwa.

Siku moja, nikitoka kuokota kuni, Mzee Mgaya akaniita kwa salamu ya kwetu. "Kamwene, mwanangu. Hebu nikalie hapa kidogo, nishuke nikale. Wewe una akili, siyo kama hawa wengine."

Nikakaa. Alipopotea bondeni, nikang'oa vigingi vya mkono mmoja wa msalaba, nikaukata kwa kisu, nikauviringisha ndani ya mzigo wangu wa kuni. Aliporudi ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Akanishukuru, akanipa hindi la kuchoma. Nikalila lote. Mama nikamwambia bafta nimepewa na sista wa misheni.

Kesho yake, Mungu si Athumani, mbingu ikafunguka. Tuliona kitu kidogo kinang'aa upande wa Mbeya, kama punje ya mchele, na mlio wake ukafika baadaye, mwembamba. Tukakimbilia kilimani. Mzee Mgaya alikuwa amevua shati lake jeupe la Jumapili na kulitandaza penye pengo. Alisimama kando na fulana katika baridi ile, anatazama juu. Ndege ikapita bila haraka, ikaenda zake.

Siku chache baadaye Landrova ilirudi. Kwenye picha msalaba ulikuwa na mikono mitatu. Wakasema mlinzi ameuza nguo ya serikali, wakamfukuza mbele ya watu. Alijibu neno moja tu, "Sikuuza," wala hakutaja kwamba kuna mtoto aliyemshikia zamu. Kijiji kikampa jina jipya: Mzee Bafta.

Siku ya kipaimara tulikutana mlangoni pa kanisa. Alilitazama gauni langu kutoka shingoni hadi pindoni.

"Limekukaa vizuri, mwanangu," akasema. "Mama yako amefurahi?"

Nikasema amefurahi. Akaingia, akakaa benchi la mwisho. Mimi nilipangwa mbele.

Baada ya misa watoto walianza kumzomea, "Mzee Bafta, uza tena!" Nikaogopa kwamba nikinyamaza nitashukiwa. Nikazomea nami, kwa sauti kubwa kuliko wote, nimevaa gauni lile lile. Aligeuka, akanitazama mimi peke yangu, kisha akaondoka.

Nilifurahi siku ile, maana nilidhani hajui. Ilibidi niwe mama mwenyewe ndipo nielewe kwa nini alimuulizia mama yangu. Neno lake moja lingemrudishia jina lake, na lingemvua mjane ile furaha yake moja ya mwaka mzima. Akachagua kunyamaza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu. Mzee Mgaya aliishi miaka mingi baadaye, na kati ya nyumba yake na yetu palikuwa na shamba moja tu la mahindi. Sikulivuka kwenda kumwambia. Alikufa akiitwa Mzee Bafta hata na watoto wasiojua jina lilitoka wapi. Wangu walikuwemo, nami niliwasikia, nikaendelea kupepeta mahindi.