Ufunguo Mfukoni, Kando ya Mto Mara

Siku ya kwanza kazini nilifika kwenye yadi ya kampuni, hapa Moshi mjini, geti likiwa bado limefungwa. Nilitoka Marangu na gari la kwanza, nimevaa sketi yangu ndefu ya kanisani. Mkuu wa Madereva, baba mmoja wa Rombo mwenye sauti ya chini, akaniangalia.

"Mama Neema, ukipata pancha porini, utaingia chini ya gari na hiyo sketi?"

"Nitavaa suruali ndani, Mkuu."

Nilivaa hivyo mpaka naacha kazi.

Cheti cha kuongoza watalii nilikipata kwenye masomo ya jioni pale Majengo, Kiingereza na tabia za wanyama, mtoto mgongoni. Lakini cheti hakikunifundisha kusubiri, na kazi ya dereva anayeongoza watalii ni kusubiri zaidi kuliko kuendesha. Nyumbu wakihama wanafika Mto Mara maelfu kwa maelfu, halafu wanasimama. Wa mbele ananusa maji, anarudi, anakuja tena. Pale wanapovukia tunapaita kivuko. Gari linakaa mbali na ukingo, injini imezimwa, mpaka wa kwanza aingie majini na wenzake wamfuate. Ukijongea mapema, kundi zima linageuka.

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio nilipopewa mzee mmoja wa Dar, mstaafu wa reli, na mkewe. Tulikaa kivukoni tangu asubuhi pamoja na magari mengine, yote yamejificha vichakani. Saa tisa nyumbu wakaanza kushuka.

"Dereva, sogea," mke wa mzee akasema. "Mimi hapa naona makalio ya magari tu."

"Tusubiri kidogo, mama."

Mzee akakohoa. "Mwanangu, mimi ni sawa na baba yako. Nikisema sogea, unasogea."

Kwetu mlimani nililelewa nisimbishie mzee mara mbili. Nikawasha gari, nikasogea kidogo tu. Nyumbu wa mbele akainua kichwa, akageuka, na wengine wote wakamfuata, vumbi likatufunika. Siku ile hakuvuka hata mmoja.

Redio ya gari ikaanza, sauti za madereva wenzangu. "Nani huyo?"

"Si yule mama wa sketi!"

"Mwambieni arudi Marangu akakatie ng'ombe majani."

Habari zilinitangulia Moshi. Nikaambiwa nifike Jumatatu kuchukua barua, na wote tulijua ni barua ya kuachishwa kazi. Mume wangu alikuwa mgonjwa kitandani mwaka ule, watoto wananitegemea mimi.

Jumapili baada ya ibada nilikata jani la sale kwenye ua wa nyumbani. Kwetu, ukimkosea mtu ukampelekea sale, hawezi kukunyima msamaha. Niliomba kwanza, maana sikutaka jani likae mahali pa Mungu. Jumatatu nikaingia nalo ofisini kwa Mkuu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba."

Barua ilikuwa mezani, kwenye bahasha. Nikaweka sale juu yake. Mkuu akalitazama.

"Umenifunga mikono, mama. Haya, mimi nimekusamehe. Na nyumbu je, utawapelekea sale?"

"Wale hawapokei, Mkuu."

"Hawapokei. Basi kivukoni chomoa ufunguo, uutie mfukoni, uukalie. Hata akikuamuru nani."

Akaitia bahasha kwenye droo.

Tangu hapo niliukalia. Nimefanya kazi chini ya wakuu watatu, na wageni wamenibembeleza, wamenigombeza, wengine wamelia. Safari moja nilimbeba mchungaji wangu mwenyewe. "Mama Neema, hata mimi?" akauliza. Nikamwambia, "Hata wewe, mchungaji." Siku ile walivuka jioni, na yeye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Ninyi madereva mnaoanza mna simu zinazowaambia kundi liko wapi. Ni vizuri. Lakini simu haimwambii nyumbu aingie majini.

Mwaka huu mgongo umekataa barabara za porini, nikaaga kabla sijafika hamsini. Mkuu wangu wa kwanza, aliyestaafu zamani, alikuja kutoka Rombo kuniaga, anatembea na fimbo. Akatoa bahasha kwenye koti, imekuwa rangi ya chai.

"Barua yako hii, Mama Neema. Ulisahau kuichukua."

Yadi nzima ikacheka. Nikauliza, "Niifungue sasa?"

"Una haraka gani?" akasema. "Wewe si umeshajua kusubiri?"

Nikaitia mfukoni, pale pale ulipokuwa unakaa ufunguo, nikaikalia.

Mpaka leo sijaifungua.