Pembe Ililia, Kanisa Likaimba

Wajukuu zangu huniambia, bibi, hayo ni mambo ya wakati wa Mwingereza, yaache yapite. Yapite yaende wapi? Yamekaa hapa kooni miaka yote hii, na nikiyakumbuka chai hainishuki. Basi nitayasema, na anayetaka kuziba masikio azibe. Kuziba masikio kwetu si jambo geni, mtaona.

Nilikuwa mke mpya wakati ule, nimeolewa kwenye milima ya Upare, juu ya Same, mahali ambapo ukisimama uani unaiona reli kule chini tambarare. Mume wangu alifanya kazi kwenye reli hiyo hiyo, Lembeni, na nyumbani alikuja kwa nadra. Nilibaki na mama mkwe wangu, tukilima na kukatia ng'ombe majani, na Jumapili tukienda kanisani. Sisi Waanglikana tulikuwa wachache mlimani pale. Huku walikuwapo Walutheri, kule Wakatoliki, Wasabato nao hawakukosekana, na Waislamu na wasiobatizwa walikuwa katikati yetu sote. Kanisa letu lilikuwa la udongo, paa la nyasi. Kasisi alikuwa Mwingereza, mwenye makanisa mengi ya kuzungukia, akatufikia mara chache kutupa Ushirika. Siku nyingine zote tulikuwa mikononi mwa mwinjilisti.

Huyo mwinjilisti naye hakutoka mbali. Alizaliwa mlima ule ule, akanywa maji yale yale tuliyokunywa sisi. Lishikeni hilo, maana ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mama mkwe wangu alikuwa kiongozi wa kina mama wa kanisa. Kila Alhamisi waliwatembelea majirani, wa kanisa na wasio wa kanisa. Walimlimia mgonjwa, walimchotea maji aliyejifungua, wakaimba wimbo mmoja, wakaomba, wakaondoka. Katika majirani wote hao alikuwapo mmoja aliyempenda kuliko dada zake wa tumbo moja. Alikuwa mjane asiye na mtoto, hajabatizwa, Kiswahili hakijui, Chasu tu, lugha yetu Wapare. Kitu alichokitaka mama mkwe wangu duniani kilikuwa kimoja: mjane yule aje akae naye benchi moja kanisani.

Shamba la mjane lilikuwa chini kidogo ya ndiva. Ndiva ni bwawa letu la udongo na mawe, linalozuia maji ya chemchemi. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji kwenye mashamba, kila nyumba kwa zamu yake. Ndiva ina wazee wake na sheria zake. Ikiharibika hupigwa pembe ya tandala, mapigo mafupi mafupi yasiyopumzika, na hapo kila mwenye miguu huacha alichoshika na kukimbia. Huo ndio msaragambo wetu, kazi ya wote kwa ajili ya wote. Hakuna anayeuliza wewe dini gani.

Alhamisi moja nilifuatana na kina mama kwa mjane yule. Baada ya sala mama mkwe akamwambia, kama kawaida yake, "Mwenzangu, utakuja lini?"

Mjane akacheka. "Wewe huchoki?"

"Sichoki."

Kisha akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo siku nyingi. "Mimi sina mtoto. Watu wangu ni hawa wa ndiva. Nikija kwenu watasema nimewaacha, na labda ni kweli. Pembe ikilia kwa ajili yangu, watu wako watakuja?"

"Watakuja," alisema mama mkwe.

"Hata kabla sijapewa hilo jina lenu?"

"Hata kabla."

"Basi nikishavuna nitakuja kuanza mafundisho."

Tulirudi nyumbani mama mkwe akiimba njia nzima, mpaka nikamtania kwamba nimeolewa kwa mama kichaa. Sikuwahi kumwona na furaha ile.

Mwaka huo mvua zilitupa kisogo. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele na roho zetu zote zilikuwa ndani ya ndiva ile. Jumapili moja, tukiwa kanisani, mwinjilisti yumo katikati ya mahubiri, pembe ikalia. Fupi, fupi, fupi, bila kupumzika. Vichwa vikainuka. Kila mtu pale aliijua, hata watoto wa kubebwa nadhani waliijua. Mwinjilisti aliacha neno njiani akageuza uso dirishani. Nilimwona kwa macho yangu haya. Alijua ni pembe gani, na alijua ukingo ukipasuka shamba la kwanza kubebwa ni la nani.

Unadhani alisema nini? "Tusimame, tuimbe."

Tukasimama. Wakaanza kuimba. Pembe ikalia tena, karibu zaidi, maana mpigaji alikuwa anapanda kilima kutufuata. Mwinjilisti akainua mikono juu. "Sauti! Pazeni sauti! Shetani anataka kutuvuruga siku ya Bwana!"

Ebo! Pembe ya baba zake leo imekuwa Shetani! Na watu wazima, wenye ndevu, wenye mashamba yao yanayonywa ndiva ile ile, wakafumbua vinywa wakaimba mpaka nyasi za paa zikatikisika. Wengine waliimba machozi yanawalenga. Lakini waliimba.

Mama mkwe wangu hakuimba. Alikaza kanga yake kiunoni, akatoka kwenye benchi, akashika njia ya mlango. Nikamfuata, na kina mama wengine watatu wakatufuata. Mlangoni mzee wa kanisa akaweka fimbo yake kutuzuia.

"Mama, leo Jumapili."

"Najua," alisema mama mkwe. "Jana ilikuwa Jumamosi."

"Ukitoka umejitenga mwenyewe na Meza ya Bwana."

Mama mkwe wangu, mtu asiyewahi kumjibu mzee wa kanisa maishani mwake, aliinama akapita chini ya fimbo. Sisi nasi tukainama.

Kule ndiva tuliwakuta Waislamu, Wasabato na wasiobatizwa, matope mpaka mapajani. Ukingo ulikuwa umepasuka, na ufa ulikuwa unazidi kupanuka. Wanaume walikata migomba wakaitumbukiza, wengine wakapokezana mawe na udongo. Mjane alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, amekumbatia mgomba auzuie usichukuliwe. Alipotuona uso wake ulichangamka. Kisha akatazama nyuma yetu, njiani, kuona wenzetu wanaofuata. Akatazama kwa muda mrefu. Njia ilikuwa tupu, na wimbo ulikuwa unashuka toka kanisani, mzuri, sauti zote zimepangika.

Sitasahau alivyoinamisha kichwa akarudi kwenye mgomba wake.

Tulifanya kazi mpaka kucha zikatoka damu. Ukingo tuliuziba, lakini mikono ilikuwa michache, na mpaka tunaziba, nusu ya maji na nusu ya shamba la mjane vilikuwa vimekwenda. Ndipo wenzetu wakaja! Ibada imekwisha, wakaja na mashati meupe, wakasimama pale juu pakavu. "Pole, mama. Poleni sana." Mwinjilisti akasema ni mapenzi ya Mungu. Loh! Nilikuwa na bonge la tope mkononi, na ninamshukuru mama mkwe wangu aliyenishika mkono, maana lingempata usoni.

Tulitengwa, sote watano. Tukawekwa benchi la nyuma, Meza ya Bwana tusiisogelee, Alhamisi tusiende popote. Wakachaguliwa kina mama wengine, walioimba, wakaenda kwa mjane kumwombea. Niliambiwa aliwapikia makande kutoka kwenye mahindi yaliyobaki, akawakaribisha vizuri. Mgeni haondoki kwake bila kula. Walikula! Sijui yalipitaje kooni.

Tuliambiwa tutarudishwa siku kasisi atakapokuja, kwa sharti tusimame mbele tutubu. Nikamwambia mama mkwe, mimi situbu ng'o, bora nihamie kwa Walutheri.

"Hamia," alisema. "Wewe kijana. Mimi hapa ndipo nilipobatizwa, ndipo nilipomzikia mume wangu. Nina njaa ya Meza ile, mwanangu. Kama ni kusimama, nitasimama."

"Utatubu kosa gani?"

Akachukua jembe akatoka. Miezi yote ile hakwenda kwa mjane, kwa kutii amri, na kwa aibu pia. Aliahidi kwa kinywa chake kwamba watu watakuja. Wakikutana kisimani waliulizana habari za nyumbani, wakaachana. Nikaona lile benchi moja alilolitamani ndiyo basi tena.

Kasisi akaja. Alipanda mlima kwa miguu, uso mwekundu, mtu mpole, sitamsingizia ubaya asiokuwa nao. Kiswahili alikijua, Chasu hapana. Tukaitwa mbele, tukajipanga. Mwinjilisti akasoma kosa letu: kufanya kazi siku ya Bwana na kuidharau ibada. Kasisi alikuwa anafungua kinywa kutuuliza tunatubu au hatutubu, tukasikia mbuzi mlangoni.

Alikuwa mjane yule, amevaa kanga yake nzuri, anamvuta mbuzi jike mwenye mimba. Hakuwa na mwingine. Akaja naye katikati ya kanisa mpaka mbele, akasimama pamoja nasi.

Lazima mjue sheria ya ndiva. Aliyevunja sheria hushitakiwa mbele ya wazee, hutoa mbuzi, na jambo limekwisha. Hakuna wa kulifufua tena. Na mbuzi huyo si lazima atoke kwa mkosaji mwenyewe, yeyote anayempenda aweza kumlipia. Mjane alikuwa amesikia kwamba tumeshitakiwa mbele ya wazee wetu. Alidhani na kanisani ni hivyo hivyo. Angedhani nini kingine?

Akasema kwa Chasu, taratibu, kama anavyosema mtu kwenye baraza: "Hawa walivunja sheria yenu kwa ajili ya shamba langu. Kosa ni langu. Mbuzi ni huyu. Yaishe."

Kasisi akamgeukia mwinjilisti. Mwinjilisti akamtafsiria. "Anasema Neno limemgusa, amemletea Bwana sadaka."

"Uongo!" Hiyo ilikuwa sauti yangu, na sikujua kama ninayo kubwa hivyo. "Hakusema hivyo, Baba!" Nikamweleza kasisi neno kwa neno, na pembe nikamweleza, na wimbo, na fimbo mlangoni. Mwinjilisti alinywea. Hakuna aliyenikatiza, maana hakuna aliyeweza kunikanusha.

Kasisi alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Akasema jambo limekwisha, hatuna haja ya kutubu, leo tutakaribia Meza ya Bwana kama wenzetu. Mimi mjinga nikadhani haki imetendeka. Mzee wa kanisa akaipokea kamba, akampeleka mbuzi nyuma ya kanisa. Nilingoja kasisi aseme mrudishieni mama wa watu mbuzi wake. Hakusema.

Tukarudi kukaa, safari hii si benchi la nyuma. Na mjane akakaa na mama mkwe wangu. Walikaa bega kwa bega, na mama mkwe alimshika mkono kama wasichana wanavyoshikana wakienda kisimani, uso wake unang'aa. Nikasema moyoni, haya, na iwe, nimewasamehe wote.

Ibada ikaendelea, ikafika pale inapofikia kila siku ya Ushirika. Mwinjilisti akasimama: "Wasiobatizwa watoke nje." Watoto wakatoka, na wanafunzi wa ubatizo wakatoka, wamezoea. Mjane hakuelewa, akabaki pale pale. Mzee wa kanisa akaja, akagonga benchi kwa fimbo, akamwonyesha mlango. Nilimtazama kasisi. Aliona. Aliona kila kitu, kisha akatugeuzia mgongo akaelekea altareni.

Mjane aliitazama fimbo, akamtazama mama mkwe wangu. "Vipi," aliuliza kwa sauti ya chini, "mbuzi hakutosha?"

Mama mkwe wangu akainuka. Mkate na kikombe vilikuwa tayari mezani, vile alivyovililia miezi yote ile. Akamwinua mwenzake, wakaenda mpaka mlangoni wameshikana mikono, na hapo ndipo alipomjibu, kwa Chasu, kwa sauti ambayo hakuna aliyeweza kusema hakuisikia.

"Alitosha, mwenzangu. Mbuzi wamempokea. Wewe ndiye wamekukataa."