Jibu Nililompa Meja

Siku yangu ya kwanza katika kambi yetu ya jeshi ya Eastlands, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Sajenti wa Mawasiliano aliniuliza nilisomea nini chuo kikuu. Historia, nikamwambia. "Basi utaiandika hapa," akasema, akanikabidhi daftari la redio. Tangu hapo nikawa Profesa. Vijana wa mitaa ya Huruma na Dandora niliojiunga nao hawakuniita jina lingine.

Ninyi mnaojiunga leo huenda hamjaliona daftari hilo. Kila ujumbe uliandikwa pamoja na saa, mtumaji na jibu. Mwendesha redio akishasema "Nimepokea", ofisa wake hawezi tena kudai kwamba hakusikia amri. Kwa hiyo wakongwe walimtazama ofisa usoni kwanza, wajue kama anataka amri hiyo isikike, ndipo wakajibu. Jambo hilo halikufundishwa darasani. Nami nilikuwa mtu wa kuwaza kila kitu mara tatu. Kwa hiyo kuchelewa kujibu kulinitisha kuliko risasi.

Mwaka wa pili tulipelekwa kaskazini chini ya Luteni mmoja, mkaazi wa mtaa wa Tena, aliyenizidi umri kwa miaka miwili tu. Majambazi walituvizia korongoni. Askari wetu wawili wakaanguka ng'ambo, wamejeruhiwa. Redio ikaita: Meja, mkuu wetu aliyebaki kambini, anaamuru turudi nyuma mara moja, wote.

"Nimepokea," nikasema, kabla sijageuka.

Luteni alinitazama. "Profesa, ushajibu?"

"Ndiyo, afande."

"Umeniuza, bro. Lakini poa." Akawageukia wengine. "Pigeni mfululizo nivuke. Wale ni watu wetu."

Alivuka mara mbili. Mara ya pili risasi ilimchana bega, naye akarudi hivyo hivyo na mtu mgongoni. Majeruhi wote wawili walipona.

Tuliporudi Nairobi likaundwa baraza la uchunguzi, na Meja yule yule akaketi kati ya wajumbe, akaniuliza: "Mwendesha redio, amri ilipokewa?"

Ningeweza kusema redio ilikwaruza. Redio zile zilikwaruza kila siku, hakuna ambaye angeshangaa. Lakini niliwaza juu ya daftari, na mwandiko wangu ndani yake, na kazi niliyoitafuta miaka mitatu na digrii mkononi. Luteni alikuwa mbele yangu, mkono umefungwa shingoni, akitazama dirishani.

"Ilipokewa, afande."

Luteni alifukuzwa jeshini kwa kukaidi amri. Meja alipanda cheo. Mimi nikapewa ukoplo, nikahamishwa kambi nne, nikastaafu nikiwa sajenti ambaye faili lake halina doa.

Wiki niliyostaafu nilikwenda Tena kumwona. Mvi zilikuwa zimemwota kabla yangu. Nilianza kueleza, akanikatiza.

"Ulisema ukweli, Profesa. Usije kunililia hapa."

Mkewe, mama wa kutoka magharibi, kwao mgeni haulizwi kama atakunywa, humiminiwa tu, alitoka jikoni na birika. Akamimina chai kikombe kimoja, akakiweka mbele ya mumewe, akarudi na birika lake jikoni.