Sheitani wa Puani

Nilipokuwa na miaka tisa, sheitani alimwingia mbwa wetu kupitia puani. Hivyo ndivyo alivyosema Bibi, na pale kwetu Paje hakuna aliyethubutu kumbishia.

Mbwa mwenyewe, Tosha, alilinda mihogo yetu isiliwe na kima. Alianza kwa makamasi na matongotongo, akaharisha, halafu akatulia, tukadhani anapona. Kisha akaanza kutetemeka na kutafuna hewa, povu likimtoka. Ami Haji, mdogo wake baba, akachukua rungu. Alitaka kumuua Tosha na mtoto wa mbwa huyo pia, Doa, kabla sheitani hajahama. Doa, mwenye baka jeupe kifuani, alikuwa wangu. Nililia mpaka sauti ikakauka.

"Haji, weka rungu," Bibi alisema. "Sheitani huyu nnamjua. Anapanda pumzi, anapanda bakuli, anapanda mikono."

Doa akahamishiwa upande wa pili wa shamba. Tosha akabaki nyuma ya jiko, akifukizwa ubani. Aliyemgusa Tosha hakumkaribia Doa mpaka abadili nguo na kunawa mara saba, moja kwa udongo, kama tunavyotoharisha chombo kilicholambwa na mbwa. Siku moja nilijisahau, nikambebea Doa dagaa waliobaki kwenye bakuli la Tosha. Kofi alilonipiga Bibi nalikumbuka mpaka leo, na ninalishukuru.

Tosha alikufa. Mwezi ulipokwisha, kima walivamia mihogo, na Doa akawatimua mpaka msituni. Ami Haji ndiye aliyeshangilia kuliko sote!

Leo mimi ni daktari wa mifugo. Najua kwamba virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa uliomuua Tosha, huingia puani kwa hewa, huzaliana kwenye matezi na kuangusha kinga ya mwili, hushambulia mapafu na utumbo, kisha hupanda ubongoni. Dawa ya kuviua hakuna, ila chanjo ipo. Nilimweleza Bibi yote hayo kwa maringo.

"Puani?" akauliza.

"Naam, Bibi."

"Na bakuli je?"

"Naam, hata bakuli."

"Basi ni huyo huyo. Wewe umemsomea miaka yote hiyo, mjukuu wangu. Mie nlimshinda kwa udongo."

Nikambusu mkono. Nikienda Paje kuchanja mbwa, wengi wanaoletwa wana baka jeupe kifuani.